Jibu: Jaworski alikuwa kocha au mchezaji?

Mkuu, umeuliza Robert Jaworski, nyota wa mpira wa kikapu wa Ufilipino, alistaafu lini ndipo akaanza ukocha, na mbona makombe yake ya Ginebra hayaonekani yote. Hakustaafu kwanza. Timu yake ya Toyota ilipovunjwa mwaka 1984 alihamia timu ile ya kiwanda cha pombe kali, yaani hiyo Ginebra, na mwaka 1985 akakabidhiwa ukocha huku bado anavaa jezi namba 7. Kofia zote mbili alizivaa hadi 1997, akiwa na miaka 51, ingawa mwishoni alikuwa akiingia dakika chache tu.

Makombe ni manne: 1986, 1988, 1991 na 1997. Yanakupotea kwa sababu mwenye timu alikuwa akiibatiza jina la kinywaji anachotaka kukiuza. Lile la 1988 litafute kwa jina la Añejo Rum, la 1997 kwa Gordon's Gin. Klabu ni ileile.

La 1991 ndilo tamu. Kwenye fainali timu ya Shell walikuwa mbele kwa michezo 3-1, Ginebra wakasawazisha, na mchezo wa saba Rudy Distrito wa Ginebra akaumaliza kwa kikapu cha sekunde za mwisho. Mwaka mmoja kabla, fainali dhidi ya Shell haohao, Jaworski na vijana wake walitoka uwanjani mchezo wa sita wakipinga waamuzi. Ubingwa ukaenda, faini ikafuata.

Timu ya taifa pia aliifundisha: Beijing 1990, Michezo ya Asia, medali ya fedha. Ginebra aliiacha baada ya kuchaguliwa seneta mwaka 1998.