Pumu ukubwani: inhela ya bluu ilinizubaisha

Mkuu, umeuliza kama yupo aliyepata pumu akiwa mtu mzima akaweza kuituliza, maana wewe inhela ya bluu unaipuliza kila siku na usiku kifua bado kinabana. Hapo ulipo nimepita.

Mimi ilinianza nikiwa na miaka 34. Kikohozi cha usiku hakikomi, kifua kinapiga filimbi, nikadhani ni mafua yaliyogoma kuondoka. Nikapewa salbutamol, hiyo hiyo ya bluu, na kusema kweli niliipenda. Unapuliza mara mbili, baada ya dakika chache unapumua kama kawaida. Ubaya wake ndio huo, kwamba inakupa nafuu ya haraka hata huoni sababu ya kuhangaika zaidi. Kopo lina mipulizo 200, mimi nilikuwa nalimaliza kwa miezi miwili na sioni tatizo.

Daktari ndiye aliyeshtuka. Akasema ukifikisha makopo matatu kwa mwaka ujue pumu imekushinda. Salbutamol inalegeza misuli inayobana mirija ya hewa, basi. Uvimbe wa ndani ya mirija hauugusi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Lazima iwepo steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza huo uvimbe.

Neno steroidi lilinitisha, sikatai. Lakini ya kuvuta inapimwa kwa mikrogramu na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, si sawa na kumeza vidonge. Nikaanza, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikaiacha. Nikabanwa vibaya mno, nikarudi kwa daktari nimenywea.

Safari hii muuguzi akaniambia, "Hebu vuta nikuone." Nikabonyeza, na hapo hapo moshi mweupe ukanitoka mdomoni. Akacheka: "Sasa hiyo dawa umempa nani?" Miaka yote nilikuwa nabonyeza kwanza halafu ndiyo navuta, tena kwa pupa. Akanifundisha upya: tikisa kopo, toa pumzi yote, bana inhela kwa midomo vizuri, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, uendelee kuvuta mpaka mwisho, kisha uzuie pumzi ukihesabu hadi kumi. Mpulizo wa pili usubiri kama nusu dakika. Akanipa na spesa, lile chupa la plastiki la kuchomeka inhela, kwa sisi ambao mkono na pumzi haviendi pamoja. Niliona haya kulitumia mbele ya watu, ila ndilo lililonitoa. (Ukiliosha kwa maji ya sabuni usilifute kwa kitambaa, liache likauke lenyewe, la sivyo dawa inanata ukutani mwake.)

Na ukishavuta steroidi sukutua, uteme. Mimi nilipuuza, ulimi ukajaa utando mweupe wa fangasi.

Mambo mengine yalinisaidia kidogo kidogo: kufua shuka kwa maji ya moto, kutibu pua iliyokuwa inaziba kila asubuhi, kukimbia moshi wa sigara. Ibuprofen na aspirini baadhi yetu zinatubana, kwa hiyo mwambie anayekuandikia dawa ya maumivu kwamba una pumu.

Baada ya kama miezi miwili nilianza kulala usiku kucha. Siku hizi ya bluu naigusa kwa nadra, lakini haitoki mfukoni. Na ikitokea umepuliza haishiki, au huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.

Wewe kwa sasa usianze kubadilisha dawa. Rudi kwa daktari, beba na inhela yako, ivute mbele yake akuone.