Muulize Mwalimu: Mwenyewe kaandika isipigwe, mbona wanaipiga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Bergen huku Norwei, natunza wazee, sasa bibi mmoja kanipa tiketi yake ya konsati maana mguu unamsumbua. Watapiga koncheto ya piano ya Grieg, yule mtunzi wao wa muziki wa zamani, halafu simfoni yake ambayo haipigwi sana, bibi anasema mwenyewe aliikataza. Mtu kakataza, wanaipiga ya nini? Na makofi napiga saa ngapi, siku ile nilipiga peke yangu ukumbi mzima ukanigeukia, aibu hiyo!

JIBU: Marahaba. Pole, wengi yametukuta hayo. Koncheto, yaani muziki wa mpiga piano mmoja na okestra, ina vipande vitatu na makofi yanasubiri kiishe cha mwisho. Inaanza ngoma zinanguruma kwa mbali kama radi inakuja, mara piano inaporomoka toka juu mpaka chini, hapo hata aliyekuwa anasinzia anakaa sawa. Mtego upo karibu na mwisho wa kipande cha kwanza, okestra yote inanyamaza mpiga piano anabaki peke yake muda mrefu tu, usidhani imeisha. Cha pili ni cha upole na kinaungana na cha tatu bila kupumzika. Simfoni, muziki mrefu wa okestra, ina vipande vinne. We tazama mikono ya kondakta, yule anayeongoza okestra, ikishuka kabisa na wenyeji wameanza, jiachie. Na siyo taarab hii, usije ukainuka katikati kwenda kumtuza mtu.

Haya, katazo. Grieg aliimaliza simfoni 1864 akiwa Copenhagen, kijana wa miaka 20, mzee Niels Gade, mtunzi wa Denmark, ndo alimsukuma aandike. Vipande vitatu vikapigwa hukohuko. Halafu 1867 akasikia simfoni ya Mnorwei mwenzake, Johan Svendsen, akaona yake si kitu, akaandika juu ya karatasi kwamba isipigwe kamwe. Mwaka uliofuata ndo akatunga hiyo koncheto iliyompa jina dunia nzima!

Ila hakuichoma, na makaratasi yake akayaachia maktaba ya Bergen, hapo hapo ulipo. Ikakaa mpaka 1980 ikapigwa Moscow, Bergen wenyewe wakaipiga 1981. Mimi naona alikuwa na haya tu, angetaka ipotee moto si ulikuwepo? Lakini nisikudanganye, humo bado anamuiga Schumann, mtunzi wa Kijerumani, kwahiyo kama ni kusinzia, sinzia kwenye simfoni.