Usimruhusu fundi akate boriti hizo

Mkuu, umeuliza kama fundi wako hapo Ujiji anaweza kuchonga mbao ya chini ya zile boriti za kiwandani zenye umbo la I, ili bomba la choo cha ghorofani lipite. Hapana, asiiguse kabisa! Kwenye mninga mzima mafundi wamezoea kupunguza kidogo na kazi ikaendelea, ila hizi ni kitu kingine. Sakafu ikibeba uzito, mbao ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Ukiikata ya chini, hata kidogo, boriti imepoteza nguvu yake.

Bomba lipite kwenye ule ubao mwembamba wa katikati, kwa tundu la duara lililokatwa vizuri. Tundu kubwa likae mbali na ukuta, kuelekea katikati ya urefu wa boriti, maana karibu na ukuta ndiko ubao huo unakoelemewa zaidi. Vipimo vifuate jedwali la mtengenezaji, msikisie.

Mvua zinaanza, kwa hiyo boriti zifunike kwa turubai na uziinue kutoka ardhini. Mchwa wa huko unawajua mwenyewe. Na mtu asitembee juu yake kabla hazijafungwa pembeni, zinapinduka.