Ukiona "Permission denied", kagua njia nzima

Mgeni wa Linux akikutana na "Permission denied", mkono unakimbilia sudo, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Sudo isipofaa, inafuata chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo. Ujumbe unaweza kuondoka kweli, lakini hujajua nani alikataliwa wala alikataliwa wapi.

Anza na id, ujue mfumo unakutambua kama nani na uko kwenye makundi yapi. Kama umeongezwa kwenye kundi leo, toka uingie upya, maana terminali iliyokuwa wazi bado inabeba makundi ya zamani. Kisha usiishie kwenye ls -l ya faili peke yake. Andika namei -l pamoja na njia kamili, mfano namei -l /home/mimi/tovuti/index.html. Itakupangia kila folda kuanzia mzizi hadi kwenye faili, pamoja na mmiliki na ruhusa zake. Mara nyingi faili lenyewe ni -rw-r--r--, yeyote anaweza kulisoma, ila juu yake kuna /home/mimi yenye drwx------, yaani folda inayofunguka kwa mmiliki tu. Seva ya wavuti imekwama hapo hapo, faili haijalifikia. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita. Ruhusa ya r (kusoma) bila x hukuonyesha majina tu. Na kufuta faili hutegemea ruhusa za folda lilimo, si za faili. Hili hushangaza hata wazoefu.

Kuhusu 777 sina upole. Ipitishe kwenye ~/.ssh, na ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali, itakataa kutumia ufunguo wako wa siri. Ipitishe kwenye /usr/bin, na sudo itapoteza alama ya setuid (inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya root) na kugoma, wakati sudo ndiyo uliyoihitaji kuirekebisha. Inabidi uwashe kompyuta kwa hali ya uokoaji au kwa flashi. Ukishaingia kama root, wenye Fedora wana nafuu: rpm -Va huonyesha kilichobadilika, kisha unatumia rpm --setugids, halafu rpm --setperms kwa kifurushi husika. Fuata mpangilio huo, kwa sababu kubadili mmiliki kunaweza kuifuta setuid. Kwenye Debian na Ubuntu utasakinisha upya kwa apt install --reinstall. Folda zilizokuwepo utazirekebisha kwa mkono.

Kwenye kujenga vifurushi upya kutoka msimbo chanzo, kanuni ni moja: jenga kama mtumiaji wa kawaida, root aje wakati wa kusakinisha tu. Ukiendesha sudo make (make ndiyo amri ya kujenga) mara moja, mafaili ya root yanabaki ndani ya folda yako, na make ya kawaida inayofuata inakwama. Yatafute kwa find . -user root, hakikisha kwa pwd uko wapi, ndipo utumie sudo chown -R kuyarudisha kwa jina lako. Kwa Debian, ukishawasha mistari ya deb-src (vyanzo vya msimbo kwenye orodha ya apt), sudo inahitajika kwenye apt build-dep, inayosakinisha vinavyohitajika kujenga. Apt source na dpkg-buildpackage -us -uc -b haziihitaji. Makepkg, zana ya kujenga vifurushi ya Arch, yenyewe hukataa kuendeshwa na root, na inafanya vizuri: skripti ya ujenzi yenye njia iliyokosewa ingeandika juu ya mfumo wako mzima.

Ruhusa zikiwa sawa na skripti ya configure, inayoandaa ujenzi, bado inakataa kuendeshwa, andika findmnt -T . uone hiyo diski imeunganishwaje. Ukikuta noexec, yaani programu haziruhusiwi kuendeshwa humo, chmod haitasaidia kitu. Hamishia ujenzi kwenye diski nyingine.