Dai la Mvulana Aliyeambiwa Ajikaze

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Katika mjadala wa usawa wa kijinsia, je, wanaume na wavulana nao wana dai lolote?" Jibu langu ni ndiyo, wanalo, na nalieleza bila kupunguza hata chembe ya madai ya wanawake, ambayo ni ya haki na bado hayajatimizwa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa baba alipofariki. Siku ya mazishi dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, alipakatwa na shangazi akalia mpaka usingizi ukamchukua. Mimi nilisimamishwa pamoja na wanaume wazima, na karibu kila aliyekuja kutoa pole alinishika bega akaniambia yaleyale: "Jikaze, wewe mwanamume. Sasa ndiye baba wa nyumba hii." Nakumbuka nilishika kifungo cha shati nikawa nakizungusha hadi uzi ukakatika, kikanibaki mkononi, nikakificha mfukoni upesi kana kwamba ni chozi lililonitoka. Walioniambia hivyo walinipenda, na sina kinyongo nao. Ila tulikuwa watoto wawili wa baba mmoja, na mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kufiwa.

Ruhusa hiyo ndiyo ninayoidai, kwa sababu kunyimwa kwake hakuishii makaburini. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, waliojiua walikuwa wastani wa wanaume 12.6 katika kila wanaume 100,000, ilhali kwa wanawake walikuwa 5.4, ingawa katika nchi nyingi wanawake ndio wanaojaribu kujiua mara nyingi zaidi. Wanaume pia huishi miaka michache pungufu kuliko wanawake karibu kila mahali duniani. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya maumbile, nakubali, lakini haiwezekani kuyasingizia maumbile pale mtu anapoficha ugonjwa mpaka unamlaza. Mimi mwenyewe nilikaa na maumivu ya kifua wiki tatu kabla ya kwenda hospitali, na daktari aliponiuliza kwa nini nimechelewa, sikuwa na la kumjibu.

Shuleni hali ni hiyohiyo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilieleza kwamba wavulana milioni 132 wenye umri wa kuwa katika shule za msingi na sekondari hawakuwa shuleni, na ikataja miongoni mwa sababu umaskini, kazi za kutafuta riziki mapema, na adhabu kali za viboko. Msichana akiachishwa shule tumejifunza, na ni vema, kuuliza nani amemwachisha; mvulana akiacha, tunasema ni mtukutu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Wapo wanaoyataja haya ili kuwanyamazisha wanawake, kana kwamba huruma ni mkate ambao mmoja akimegewa mwingine hupungukiwa. Siko upande wao, na ushahidi wangu ni mazishi yaleyale. Mama yangu alikuwa hai, ameketi hatua chache kutoka nilipokuwa, na dada yangu alikuwa mkubwa kuliko mimi na mwenye akili nyepesi zaidi. Hata hivyo nyumba ilikabidhiwa mtoto wa miaka tisa. Kanuni iliyoninyima machozi ndiyo hiyohiyo iliyowanyima wao sauti, na sioni namna ya kuiondoa upande mmoja ikaachwa upande wa pili.

Kwa hiyo ningependa viboko vikomeshwe shuleni, kina baba wapewe likizo ya uzazi ya kutosha kuwazoea watoto wao wangali wachanga, na wahudumu wa afya wamuulize mwanamume kuhusu usingizi na huzuni yake bila kusubiri ajieleze mwenyewe, maana wengi wetu hatutajieleza.

Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Tulipomzika bibi yake mwaka huu alilia kifuani pangu, na mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono kumshika bega. Nilimtangulia. "Mzee wangu," nilimsihi, "naomba umwache alie." Aliurudisha mkono wake taratibu, kisha akainama akafuta macho yake mwenyewe.