Huyo wa kwenye mfongo ni kaa tu, ila huyo muuzaji wako mkimbie

Mkuu uliyeweka picha ya mdudu mwenye magando kutoka mfongo (mfereji wa kumwagilia) wa Kahe, Moshi, na kusema kuna jamaa anakushawishi ununue "kamba wa kisasa" uwachanganye na sato: hilo la pili ndilo limenifanya niandike.

La kwanza ni jepesi. Kaa wetu wa mtoni ni mpana, mkia kaukunja chini ya tumbo, tena anatembea kiubavu. Kwenye picha yako mkia hauonekani kabisa, kwa hiyo huyo ni kaa, mrudishe majini. Kamba mgeni, yaani "crayfish" wa maji baridi, ndiye huyo unayeuziwa kama wa kisasa, ana mwili mrefu, mkia wa pingili unaofunguka mwishoni kama upepeo, na magando makubwa kwenye jozi ya kwanza ya miguu. Nimewashika sana nilipokuwa kibarua kwenye shamba la maua Naivasha, Kenya. Mkubwa ana rangi ya damu ya mzee, magando yamejaa vipele vyekundu. Jike hubeba mayai chini ya mkia, mamia kwa mkupuo mmoja.

Asili ya kamba huyu ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ziwa Naivasha alipandikizwa 1970 kwa ajili ya biashara. Mwenzake wa Australia, ambaye dume lake lina baka jekundu upande wa nje wa gando, aliletwa Zambia kufugwa, akatoroka, leo yuko Ziwa Kariba na Mto Zambezi. Wote walikuja kama mradi, kama huu unaouziwa wewe.

Kule Naivasha wavuvi walikuwa wakivuta nyavu alfajiri wanakuta samaki katafunwa tumbo. Kwako balaa litaanzia kwenye tuta. Anatoboa kingo, na mdomoni mwa shimo anaacha kirundo cha matope. Tuta likivuja, maji ya zamu yanaishia njiani, na ugomvi wa mfongo mnaujua wenyewe.

Jamaa atakwambia anakula konokono wanaoeneza kichocho. Ni kweli, hata Kenya watafiti walishamjaribu kwa kazi hiyo. Lakini anakula pia mayai ya samaki na majani ya majini, na bwawani hatulii: usiku wa mvua anatoka kwa miguu yake. Maji ya Kahe yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani. Akishafika huko hakuna wa kumrudisha.

Kama jirani yako kashawaweka, msikimbilie kukausha bwawa, maana atajichimbia kwenye tope bichi awasubiri. Sumu ndiyo kabisa msiguse, wa chini yenu wananywesha ng'ombe maji hayohayo. Tegeni mgono, ule mtego wa samaki, wenye utumbo wa kuku. Mnayemnasa apigwe picha juu na chini, achemshwe afe, na afisa uvuvi wa wilaya ajulishwe. Asihamishwe akiwa hai, hata kama chambo. Nyavu, ndoo na gambuti zioshwe tope lote na zianikwe juani zikauke kabisa kabla ya kwenda bwawa lingine. Ukinunua vifaranga wa samaki, maji waliyosafiria yamwage nchi kavu, siyo mfongoni.

Huyo muuzaji mwombe kibali cha uvuvi cha kuingiza viumbe hai. Akianza kuzungusha maneno, achana naye, na ukipata picha ya mzigo wake iweke hapa tuione.