Nia ya "nita-" na nia ya "niki-"

Penye nia pana njia, ila njia yenyewe ina makorongo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Thomas Webb na Paschal Sheeran walichambua majaribio 47 na kukuta kwamba hata watu walipoongezewa nia kwa kiasi cha kuonekana, matendo yao yalisogea kidogo tu.

Kosa mara nyingi limo kwenye sentensi. "Nitafanya mazoezi" haina saa, haina mahali, haina cha kuikumbusha. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, alieleza katika makala ya 1999 kuwa nia hushika ikifungwa kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Kiswahili kimeshatupa chombo cha kazi hiyo, kiambishi -ki-. "Nikishaosha kikombe cha chai ya asubuhi, nitavaa raba nitoke."

Tukio liwe kitu unachokiona au kukigusa. "Jioni" ni pana mno; "nikifunga geti" inatosha. "Nikipata nafasi" ifute kabisa. Usiandike kwa kukanusha pia: "nikipanda kitandani sitashika simu" inakuwekea simu kichwani. Andika utakachofanya: "nikizima taa ya sebuleni, nitaiacha simu juu ya kabati." Sentensi moja kwa tabia moja, na uiandike ukiwa umetulia. Wafungaji wa Ramadhani wanalijua hili: nia huwekwa usiku kabla ya alfajiri, si saa nne asubuhi njaa ikishabisha hodi.

Kuna matukio yasiyo na geti wala kikombe. Hasira, uchovu, upweke: haya hutokea ndani, na usipoyaona yakija, sentensi yako nzuri inabaki kwenye daftari. Hapo ndipo zoezi la kuzingatia kinachotendeka sasa linapohitajika. Kozi maarufu ya zoezi hili ya Jon Kabat-Zinn, iliyoanza Massachusetts mwaka 1979, huchukua wiki 8, lakini kwa kuanzia dakika 5 kwa siku zinatosha. Kaa, hesabu pumzi zinazotoka, moja hadi kumi. Akili ikitoroka kwenda kwenye kodi ya nyumba, tambua imetoroka, rudi kwenye moja. Wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa, kumbe kule kutambua ndiko mazoezi yenyewe. Asiyetoroka hata mara moja huenda amesinzia.

Kisha tafuta dalili ya mwilini inayotangulia tabia yako. Kwa siku tatu andika tu, bila kujirekebisha: taya zilikaza? mabega yalipanda? Ukiipata, ifunge: "Nikihisi taya zimekaza nikijibu ujumbe, nitashusha mabega, nivute pumzi tatu, ndipo nitume."

Ukishindwa mara tatu mfululizo, usijilaumu wala usiongeze bidii. Badilisha tukio. Huenda taya hukaza baada ya kutuma, na dalili ya kwanza ni vidole kuharakisha.